Starehe za Usiku katika Mji wa Unguja

Katika hesabu ya siku waliyoirithi watu wa pwani, siku mpya huanza jua likuchwapo. Hivyo usiku wa Ijumaa ni ule uingiao baada ya magharibi ya Alhamisi, na mgeni wa bara aliyealikwa arusini usiku wa Ijumaa, akaenda Ijumaa yenyewe baada ya sala ya isha, aghalabu hukuta majamvi yamekunjwa, masufuria yamesuguliwa, na bwana arusi yumo fungateni. Silitaji jambo hili kwa kuwacheka wageni, maana hata wenyeji wa siku hizi hulikosea. Nalitaja kwa kuwa laonyesha mahali usiku ulipowekwa katika maisha ya miji yetu tangu azali, kwamba ni kichwa cha siku, wala haukuhesabiwa kuwa masalio ya mchana yaliyoachiwa wezi na walinzi.

Waandishi wa Ulaya wanaposimulia jinsi miji yao ilivyopata tabia ya kukesha kwa starehe huanza na taa za gesi, zilizowashwa katika njia ya Pall Mall mjini London mwaka 1807 kisha zikaenea Paris na kwingineko, wakasema kwamba palipopata mwanga ndipo mikahawa, nyumba za michezo na matembezi ya baada ya chakula yalipositawi. Hoja hiyo ina haki yake kwa nchi ambazo katika majira ya baridi giza huingia alasiri. Unguja, iliyo digrii 6 kusini ya ikweta, jua lake huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na joto la mchana huwachosha walio kazini na kuwafungia ndani wasio na kazi, hata upepo wa bahari uvumapo jioni ndipo watu wanapopata raha ya kuketi na wenzao. Kwa hiyo usiku ulitumika kwa tafrija zamani sana kabla ya taa ya kwanza ya umeme kuwaka kisiwani. Kilichobadilika katika muda ninaokusudia kuueleza hapa, tangu zama za Seyyid Barghash hata mapinduzi ya 1964 na baadaye kidogo, ni mlango wa starehe hizo: nani aliufungua, nani aliingia kwa haki, nani kwa hisani, na nani kwa kulipa.

Tuanze na walioingia kwa haki. Seyyida Salme, binti wa mtawala Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake ameeleza jinsi mabibi wa daraja walivyotembeleana baada ya giza kuingia, wakitanguliwa na watumwa waliobeba fanusi kubwa kubwa zilizokuwa fahari ya nyumba itokayo. Mchana mwanamke muungwana hakuonekana njiani. Ndugu zake, mashoga zake na wale aliowataka kwa shauri au kwa mzaha aliwaona baada ya isha, akiwa amejifunika, njia zikiwa zimepungua watu. Mtu afikiriye kwamba usiku ulikuwa wa wanaume, na kwamba wanawake waliupata kwa kunyang'anya katika zama za vilabu na kumbi, na akumbuke fanusi hizo. Kwa bibi wa jumba la Mtoni au la Beit al-Sahil usiku ndio uliokuwa wakati wake wa kutoka, na mazungumzo ya kahawa, halua na uvumba yaliyofuata yalikuwa baraza yake kamili, pasipo mume wala kaka wa kumwambia nyamaza.

Watu wa chini hawakuwa na fanusi za kubebewa, walakini mwezi walikuwa nao. Katika mashamba ya mikarafuu ngoma zilipigwa usiku wa mbalamwezi, na katika mji wauza kahawa walipita wakigonganisha vikombe, wanaume wakikaa barazani kwa bao na karata, na bibi vizee wakiwatolea wajukuu hadithi zilizokatazwa kutolewa mchana. Hayo yalikuwako pwani yote, nami sitayarefusha.

Seyyid Barghash bin Said alitawala tangu 1870 hata 1888, naye alikuwa mtu wa kupenda makubwa. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza akapokewa kwa taadhima, na aliyoyaona huko hayakumtoka akilini. Aliuletea mji maji ya mfereji, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililopata taa za umeme mapema kuliko nyumba za raia. Alikuwa na bendi ya Wagoa iliyopiga muziki wa Kizungu mbele ya jumba, na watu wa kila kabila walisimama uwanjani kusikiliza bila ya kutoa pesa. Lakini lililodumu kuliko bendi hiyo ni jambo alilolifanya ndani. Wanamuziki wa Unguja hupokezana habari kwamba Barghash alimtuma kijana aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, na kwamba aliporudi alikusanya wenzake akawafundisha, ndipo taarabu ikazaliwa katika kasri. Iliimbwa kwa Kiarabu, kwa udi, fidla, nai, dumbaki na rika, mbele ya watu waliochaguliwa na mwenye nyumba, wakisikiliza kwa utulivu ambao leo mtu angeudhania ni wa msikitini.

Basi hapo palikuwa na starehe mbili za usiku katika mji mmoja: ya uwanjani iliyokuwa ya yeyote apitaye, na ya ndani iliyokuwa ya majina. Ile ya pili ndiyo iliyotamaniwa, na tamaa hiyo ndiyo iliyoleta yote yaliyofuata.

Mwaka 1905 vijana wa Kiarabu wenye nafasi zao mjini, waliokuwa na hamu ya muziki wa kasri pasipo kuwa watumishi wa kasri, waliunda chama wakakiita Ikhwani Safaa, kwa jina la wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya kumi waliojiita ndugu wa usafi. Waliagiza ala kutoka Misri, wakajifunza wao kwa wao, wakaweka kanuni za tabia na ada za uanachama. Hawakuwa wapigaji wa kukodiwa, na kumwambia mmoja wao kwamba apiga muziki kwa ujira kungekuwa kumvunjia murua wake. Walikwenda kwenye arusi kwa kuwa bwana arusi ni ndugu, au ni mtoto wa mtu aliyewafadhili, au ni mtu ambaye kesho watamhitaji. Na aliyewaalika aliwapokea kwa pilau, kwa marashi na kwa maneno mema, akabaki na deni la heshima ambalo halikuandikwa popote. Haukupita muda mrefu kikatokea chama kingine, Nadi Shuub, na kwa kuzuka kwake starehe za usiku zikapata kitu ambacho bila ya hicho haziishi pwani, nacho ni mshindani.

Ushindani huo haukuwa wa taarabu peke yake, wala haukuwa wa Waarabu peke yao. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, katika Lamu na Mombasa, kulikuwa kumekwisha kuzuka beni, ngoma iliyoiga gwaride na tarumbeta za manowari na majeshi ya Kizungu, ikaingia Tanga na Dar es Salaam, na vita ya 1914 ikaichukua pamoja na askari na wapagazi mpaka Nyasa. Kila mji ulikuwa na pande mbili. Mombasa walikuwako Kingi na Scotchi; katika Tanganyika walikuwako Marini, waliojiona watu wa ustaarabu na kalamu, na Arinoti, waliodharauliwa na Marini na wakajivunia kudharauliwa kwao. Wachezaji walikuwa na vyeo vya kifalme na vya kijeshi, na karani aliyeitwa boi ofisini mchana alikuwa jenerali usiku, akipigiwa saluti na wachukuzi wa bandari kwa unyofu usio na mzaha.

Wanawake nao walikuwa na lelemama, na katika Mombasa vyama vyake kama Ibinaal Watan na Banu Saada viliendesha mashindano ya mavazi, maandamano na karamu, chama hiki kikichinja ng'ombe kikawalisha watu, kile kikachinja zaidi, hata pete na vipuli vikawekwa rehani ili mahasimu wasipate la kusema. Maofisa wa serikali ya Kiingereza walizitazama karamu hizo kwa jicho la mhasibu. Waliziita upotevu, wakataka ngoma ziombewe ruhusa, na baadhi ya masheikh na wazee wa mji wakawaunga mkono kwa sababu zao wenyewe. Wote hao walihesabu ng'ombe wakasahau kuhesabu lililobaki baada ya ng'ombe kuliwa. Mwanachama alipofiwa, chama kilimzikia, alipougua, kilimuuguza, alipotaka kumwoza binti yake, viti, sahani na mikono ya kupika vilitoka chamani. Mwanamke aliyetoka utumwani, asiye na ukoo wa kuutaja katika mji uliopima watu kwa koo zao, alipata katika ngoma hizo za usiku jamaa aliyochagua mwenyewe, pamoja na cheo ambacho jamaa hiyo ilimpa. Kusema kwamba aliyapata hayo kwa gharama kubwa ni kweli. Kusema kwamba aliipoteza fedha yake ni neno la mtu aliyezaliwa na jina tayari.

Na watu wa namna hiyo walikuwa wengi Ng'ambo. Mji Mkongwe wa mawe ulikuwa na hori upande wa mashariki, na ng'ambo ya hori hiyo, kupita daraja lililoacha jina lake Darajani, ulisimama mji wa nyumba za udongo na makuti uliokua upesi baada ya kwisha utumwa, wakihamia humo waliotoka mashambani, Wangazija, Washihiri, Wamanyema, Wanyasa na wengine wasiokubaliwa au wasioweza kodi ya upande wa pili. Huko ndiko alikokwenda kukaa, karibu na mwaka 1911, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa takriban 1880 katika nyumba ya kimaskini, akapewa jina la Mtumwa, na katika ujana wake akauza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akivitembeza njiani kwa sauti iliyomfikia mnunuzi kabla ya chungu. Mji ulikuja kumjua kwa jina la Siti binti Saad.

Habari zake zimeandikwa na Shaaban Robert katika wasifu ambao kila asomaye Kiswahili huujua, na sitaki kurudia alilolifanya vizuri zaidi mkono uliokuwa bora. Nitaeleza jambo moja tu, yaani namna alivyougeuza usiku wa mji. Siti alifundishwa na mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, akajua kuimba kwa Kiarabu kama walivyoimba wakubwa, akaitwa katika nyumba za Mji Mkongwe na mbele ya Sultani mwenyewe. Kama angekomea hapo, angekuwa mwimbaji aliyepandishwa daraja, na sisi tungemkumbuka kama wanavyokumbukwa wapenzi wa wafalme, kwa mstari mmoja. Lakini usiku ambao hakualikwa popote aliuweka nyumbani kwake Ng'ambo. Pamoja na Subeti Ambari, Mbaruku Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban alikaa karibu kila usiku baada ya isha kufanya mazoezi, nao waliopita wakasimama, na waliosimama wakakaa, hata mazoezi yakawa ndiyo tamasha lenyewe. Alikuwako mchukuzi, alikuwako Mhindi wa duka, alikuwako Mshihiri wa kahawa, alikuwako bibi mwenye nyumba aliyekuja na mjakazi wake wa zamani ambaye sasa alikuwa jirani yake. Na taarabu, iliyokuwa mali ya Kiarabu chini ya taa za kasri, ilisikika kwa Kiswahili cha mtaani, ikisema habari ambazo mtaa ulizijua tangu asubuhi.

Maana huko ndiko nyimbo zilikotungwa. Mtu alileta kisa: hakimu ameamua hivi, afisa amekula mali za watu, mume amempiga mkewe akasifiwa na mama yake, mshahara wa makuli umekatwa. Kikajadiliwa, kikacheuliwa, kikapigiwa udi kidogo, na kabla ya wiki kwisha kimekuwa wimbo ambao mkosaji mwenyewe alilazimika kuusikia ukipita chini ya dirisha lake. Mji ule haukuwa na gazeti la wasiojua kusoma illa huo. Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, wakatia nyimbo zao katika santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, na sahani hizo zikauzwa kwa maelfu kote pwani hata bara. Hapo usiku wa Ng'ambo ukapata miguu: mkahawa wa Tanga au wa Lamu uliokuwa na gramafoni uliweza kuuandalia wateja wake, na mwenye mkahawa akagundua kwamba aliyekuja kusikiliza hunywa vikombe vitatu zaidi kuliko aliyekuja kunywa.

Isidhaniwe kwamba ninasifu tu. Wimbo mmoja mashuhuri kuliko nyingi za Siti ni ule wa Kijiti, nao habari yake ni ya usiku ulioharibika. Mwanamke mgeni, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, alitoka na wenyeji wake kwa matembezi na ngoma, kukawa na ulevi, na Kijiti, mmoja wa wanaume waliokuwako, akamdhulumu na kumwua. Muuaji akavuka bahari akakimbilia bara. Walioshikwa na sheria wakawa wanawake waliokuwa na marehemu, kwa kosa la ile tembo. Ng'ambo ilijua aliyetenda ni nani, na mahakama ilijua pia, walakini mahakama ilimhukumu iliyemkamata. Wimbo ukamfuata aliyekimbia kila palipokuwa na santuri. Hapa pana upande wa starehe za usiku ambao wapenzi wake hupenda kuuruka: mwanamke aliyetoka usiku alikuwa na uhuru wake wote na mashahidi wake wote maadamu yuko ndani ya mzunguko wa chama, wa jamaa, wa baraza inayomjua; akishatoka katika mzunguko huo pamoja na watu asiowajua, hakimu wa kizungu na mzee wa mtaa walikubaliana upesi kwamba kosa ni la kutoka kwake. Waliokataa walikuwa waimbaji, na kukataa kwao kulifanyika usiku vilevile, mbele ya wanawake waliokuwa wametoka kuja kusikiliza.

Na sasa nifike kwenye tuzo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha jambo lote. Katika taarabu, hasa ya wanawake, msikilizaji aguswapo na ubeti huinuka, huenda taratibu mpaka mbele, akicheza kwa mabega, kitambaa au fedha juu kwa mkono, akazunguka kidogo ili aonekane, ndipo akamtunza mwimbaji. Mgeni huona malipo. Mwenyeji hutazama kwanza ni nani aliyeinuka, pili ni ubeti upi uliomwinua, tatu ni nani hakuinuka, na nne macho ya aliyeinuka yalimwelekea nani alipokuwa akirudi kitini. Kwa shilingi moja mtu amesema mbele ya kadamnasi jambo ambalo angelisema kwa kinywa chake lingemfikisha kwa sheha. Mwimbaji hakutaja jina. Mtunzi hakutaja jina. Aliyetoa fedha hakusema neno. Na hata hivyo mtu mmoja pale ndani anatoka akilia, na wote wanajua kwa nini. Wanawake wa Unguja walilijua hilo vizuri walipounda vyama vyao vya taarabu, wakavipa majina ya Kiarabu kama Nuru al-Uyun na Sahib al-Ari na hata majina ya majeshi ya Mwingereza, Royal Navy na Royal Air Force, wakashindana kwa sare za leso, kwa vikuba vya asumini na rehani, na kwa beti zilizojibizana wiki hata wiki.

Starehe ya tikiti ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1921 ilijengwa Royal Cinema Theatre kwa michoro ya J. H. Sinclair, yule yule aliyechora Beit al-Amani, na ilipoungua katika miaka ya 1950 mahali pake pakajengwa Majestic. Sinema iliuza kiti kwa yeyote mwenye bei yake, bila ya kuuliza ukoo wala chama, na kwa sababu hiyo wapo waliotabiri kwamba itaua ngoma na taarabu. Haikuziua, ilifundishwa adabu ya mji. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na picha za Kihindi za Jumapili zilikuwa safari ya jamaa nzima, watoto wamevishwa nguo za Idi, mabibi wamepakwa hina, na tikiti zimenunuliwa kwa fujo tangu asubuhi au kwa walanguzi jioni. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilitazamwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi mara nyingi kiasi cha kuweza kuiimba yote, na waimbaji wa taarabu, ambao hawakuwa watu wa kuacha kitu kizuri kikapita, wakazichukua tuni za filamu wakazitia maneno ya kugombana kwao. Ilipokwisha picha watu walishuka Forodhani, katika bustani iliyofunguliwa 1936 kwa ajili ya jubilei ya Sultani Seyyid Khalifa, wakala mishikaki, pweza na muhogo wa kuchoma, wakaijadili picha mpaka vibatari vya wauzaji vilipoanza kuzimwa. Nadhani wengi walilipa tikiti kwa ajili ya mjadala huo.

Upande wa pili wa bahari, Dar es Salaam, mambo yalichukua sura nyingine kidogo, kwa kuwa mji ule ulikuwa wa wageni wa bara ambao hawakuwa na kasri la kuliiga. Huko Waafrika waliosoma walianza tangu miaka ya 1930 kucheza dansi, wanaume kwa suti na tai, wanawake kwa magauni na viatu vya visigino, wakizunguka kwa walsi, foxtroti na baadaye rumba, na Dar es Salaam Jazz Band ikawa miongoni mwa za mwanzo kupiga muziki huo. Wazee wa pwani waliona aibu kwa mwanamume na mwanamke kushikana hadharani. Wachezaji nao waliwaona wazee washamba. Lakini chini ya dansi, kama chini ya beni, kilikuwapo chama: katibu, mweka hazina, ada, rambirambi. Taarabu nayo ilikuwa na vyama vyake huko, Egyptian na Al-Watan, na wanawake walikuwa na ngoma zao. TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 na kuhitaji wanawake, haikuanza kugonga mlango baada ya mlango. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba, alijua viongozi wa ngoma za mji mzima, nani mpinzani wa nani, nani akiitwa huja na wenzake wangapi. Aliwaendea hao, na kadi za chama zikaenea katika mitandao iliyosukwa kwa miaka kwa ajili ya kucheza. Wanahistoria wa siasa huandika kwamba wanawake waliamshwa na TANU. Wanawake hao walikuwa hawajalala.

Unguja nako usiku na siasa vilikutana, kwa namna iliyo nzito zaidi. Jumamosi tarehe 11 Januari 1964 Afro-Shirazi Party ilikuwa na tafrija ya usiku iliyopewa ruhusa na polisi, na kwa sababu hiyo watu wengi kuingia mjini kutoka mashamba jioni ile hakukumtia mtu shaka. Kabla ya kucha, katika usiku huohuo uliohesabiwa na wenye hesabu ya kale kuwa ni wa Jumapili, mapinduzi yalikuwa yameanza. Zikafuata amri za kutotoka nje. Wengi katika waliokuwa wafadhili wa vilabu vya Mji Mkongwe waliuawa au walikimbilia Oman, Dubai na Uingereza, wakaondoka na udi zao, na wengine wakaanzisha huko mabaraza ya taarabu ambayo watoto wao wanayaendeleza. Vyama vilivyobaki viliwekwa chini ya chama tawala. Ikhwani Safaa kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la mtaa wa Malindi, na Culture Musical Club, kilichotokana na kikundi cha vijana kilichoundwa 1958, kikakua kuwa chama kikubwa cha taarabu kisiwani. Serikali ikawa mwenye kualika, na wanamuziki wakapata mshahara. Zaidi ya hapo muziki ulidumu vilevile, wapigaji wakibaki walewale au wanafunzi wao. Bi Kidude, aliyejifunza akimsikiliza Siti, aliendelea kuimba mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2013.

Katika miaka ya 1990, ulipofika wakati wa vinanda vya umeme, East African Melody ikaleta taarabu ya kuchezwa, na mjini Dar es Salaam Tanzania One Theatre ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis wakatupiana mipasho kumbini huku wapenzi wa kila upande wakijaza viti. Mlangoni palikuwa na tikiti, na muziki ulitoka katika vipaza sauti vikubwa kuliko kasri lolote. Nilisikia mengi ya kulaani mtindo huo kwa waliojiita walinzi wa taarabu ya asili, kwamba umeitoa heshima na kuiuza kwa pesa taslimu, na baadhi ya malalamiko yao ni ya kweli, kwa sababu kanuni na nai zilinyamazishwa pasipo sababu njema. Lakini wale wanawake waliokwisha kulipa mlangoni waliinuka tena kila ubeti, noti juu, macho yakitafuta meza ya pili. Mwenye ukumbi alibaki na fedha za tikiti, mwimbaji akaondoka na za tuzo, na asubuhi yake, sokoni Kariakoo na Darajani, watu waliulizana nani alitunza wakati gani na nani alikaa kitini.